Programu za simu kwa mtoto mwenye usonji: maswali ambayo wazazi huuliza mara kwa mara

Majibu haya ni kwa mzazi, bibi, shangazi au mwalimu mwenye simu ya kawaida ya Android, bando la kuhesabu na mtoto mwenye usonji mbele yake. Mwenye iPad naye atapata lake humu.

Nikitafuta programu za usonji kwenye Play Store zinakuja nyingi mno. Nianzie wapi?

Anza na mtoto, duka baadaye. Chukua karatasi uandike jambo moja tu linalowatoa jasho kila siku. Hawezi kusema anachotaka, basi analia mpaka mkisie. Hakubali kuoga. Anavurugika mkibadili njia ya kwenda sokoni. Anazijua herufi zote lakini neno hasomi. Kila moja ya shida hizi inahitaji programu ya aina yake, na hiyo ya kuoga huenda isihitaji programu yoyote zaidi ya picha nne zilizopigwa bafuni kwenu.

Kwa ujumla utakutana na programu za mawasiliano (mtoto anagusa picha, simu inasema), za ratiba na muda, za masomo, na za michezo. Za mawasiliano ndizo nzito. Mtoto asiyeongea akipata programu ya namna hiyo, amepata sauti, na sauti haichaguliwi kwa kuangalia nyota za wapakuaji. Ndiyo maana maswali mengi hapa chini yanahusu kundi hilo. Na neno usonji kwenye tangazo la programu lisikubabaishe, kila mtu anaweza kuliandika.

Kuna programu inayoponya usonji?

Hakuna. Usonji ni namna ubongo ulivyokua tangu utotoni, na mtu huishi nao. Programu inayoahidi kuuondoa ndani ya wiki kadhaa inauza ndoto, tena mara nyingi kwa makato ya kila mwezi.

Hata zilizotengenezwa na wataalamu wenye nia njema zina mipaka. Mwaka 2016 watafiti wa Uingereza walichapisha matokeo ya jaribio la mchezo wa iPad uliokusudiwa kuwazoesha watoto wadogo wenye usonji kufuata macho na vidole vya watu wengine. Walishiriki watoto 54. Waliupenda mchezo na kuucheza vizuri. Lakini walipoangaliwa wakicheza na wazazi wao bila iPad, haikuonekana tofauti kati ya waliopewa mchezo na wasiopewa. Ujuzi wa kwenye kioo hubaki kwenye kioo mpaka mtu mzima auhamishie sebuleni. Hili litajirudia katika majibu mengi.

Simu inaweza kunipimia mtoto kama ana usonji?

Inaweza kukusaidia kuuliza maswali sahihi, basi. Dodoso la M-CHAT-R lenye maswali 20 ni la bure na ni la watoto wa miezi 16 hadi 30. Linachuja tu, halitoi hukumu. Likionyesha dalili, nenda hospitali yenye daktari wa watoto au kliniki ya afya ya akili ya watoto. Kenya, vituo vya tathmini na rasilimali za elimu (EARC) vimekuwa vikifanya tathmini za watoto wenye mahitaji maalumu tangu 1984. Na kabla ya yote, mtoto asiyeongea apimwe masikio. Utashangaa ni wangapi wanazungushwa mwaka mzima kabla mtu hajalifikiria hilo.

Mwanangu ana miaka minne, hasemi. Nikimpa programu ya picha, si atazembea kabisa kuongea?

Hofu hii iko kila mahali, na akina bibi ndio huisema kwa sauti kubwa zaidi. Utafiti unaipinga. Mwaka 2006 Millar, Light na Schlosser walikusanya tafiti zilizokuwepo kuhusu mawasiliano ya picha, ishara na vifaa vya kusemea. Katika visa 27 vilivyokuwa na ushahidi mzuri, hakuna hata mtu mmoja aliyepunguza kuongea. Asilimia 89 waliongeza maneno ya mdomo, ingawa kwa wengi ongezeko lilikuwa dogo. Mwaka 2014 kikundi cha Connie Kasari huko Marekani kilifuatilia watoto 61 wa miaka 5 hadi 8 waliokuwa na maneno machache sana. Waliopewa kifaa cha kusemea tangu siku ya kwanza, pamoja na mafunzo ya kucheza na kuzungumza, walianzisha mazungumzo wenyewe zaidi kuliko waliopewa mafunzo hayo bila kifaa.

Pia usisubiri "awe tayari". Hakuna mtihani wa kufaulu kwanza ndipo mtoto aruhusiwe kusema anaumwa tumbo.

Ni programu zipi za kusemea, na bei zake?

Kwa iPad, yenye jina kubwa ni Proloquo2Go ya AssistiveWare, kampuni ya Amsterdam. Ilitoka 2009, inauzwa takribani dola 250 za Marekani, na imejengwa kwa Kiingereza, Kihispania, Kifaransa na Kiholanzi. Ni nzuri. Lakini ukijumlisha na bei ya iPad yenyewe, kwa familia nyingi za kwetu hiyo ni ada ya shule. Kama una ndugu nje anayetaka kukusaidia, mwambie aangalie Aprili na Oktoba, kwani miezi hiyo kampuni za namna hii hupunguza bei mara nyingi. LAMP Words for Life na TouchChat ziko kwenye rafu hiyohiyo.

Kwa Android, anza na za bure. Cboard ni programu huria iliyokua kwa msaada wa UNICEF. Unaweza kuifungua kwenye kivinjari au kuiweka kwenye simu, na unatengeneza bodi zako mwenyewe, yaani kurasa za vitufe vya picha. LetMeTalk nayo ni ya bure, inafanya kazi bila intaneti, na imebeba maelfu ya picha za ARASAAC, hazina ya michoro inayomilikiwa na serikali ya Aragon, Hispania. Ila kabla hujajipa moyo, hakikisha toleo lililopo linakubaliana na simu yako. Wahindi nao wametengeneza zao, Avaz ya Chennai na Jellow ya chuo cha IIT Bombay, kwa lugha zao na vyakula vyao. Nazitaja ili ujue kwamba programu yenye ubwabwa na bajaji si ndoto ya mbali.

Maoni yangu: usinunue chochote mpaka umetumia ya bure kwa miezi miwili mitatu. Baada ya hapo utakuwa unajua kinachokosekana, na pesa yako itaenda kwenye kilichokosekana.

Zote zinaongea Kiingereza. Nifanyeje ili iseme Kiswahili?

Kuna mambo matatu hapa: sauti, picha na mpangilio wa maneno.

Sauti kwanza. Simu za Android zenye huduma za Google zina mashine ya kusoma maandishi kwa sauti, na Kiswahili kimo. Ingia kwenye mipangilio, sehemu ya ufikivu, tafuta ubadilishaji wa maandishi kuwa sauti, kisha pakua sauti ya Kiswahili ukiwa na bando. Ijaribu kwa maneno magumu kabla ya kuiamini: ng'ombe, ghafla, dhahabu, sitaki. Ukisikia Mzungu anahangaika, hiyo bado ni sauti ya Kiingereza inayosoma Kiswahili. Programu nyingine zinakuruhusu kurekodi sauti ya mtu, na hilo ni bora zaidi, lakini usirekodi yako. Mtoto wa kike wa miaka sita asiongee kwa sauti ya baba yake. Mtafute binamu yake wa rika lilelile, mkae naye kwa biskuti na soda alasiri moja.

Picha: michoro ya ARASAAC inatosha kwa vitendo kama kula, kulala na kwenda. Kwa vitu na watu, piga picha zako. Kikombe chake, si kikombe cha mtandaoni. Uji ulivyo kwenu. Daladala au matatu, mama mdogo, dada wa kazi, mbwa wa jirani. Piga kwenye mwanga, nyuma pasiwe na vurugu, kwa sababu wapo watoto wenye usonji watakaoangalia ndoo ya nyuma na kuacha kikombe.

Mpangilio wa maneno ndipo wengi wanapoharibu. Bodi za Kiingereza zina kitufe cha mimi, kitufe cha kutaka, kitufe cha maji. Ukizitafsiri hivyohivyo mtoto atasema "mimi kutaka maji", na watoto wa mtaani hawatamwacha. Kitenzi chetu kinambeba mtendaji ndani yake, kwa hiyo weka neno zima kwenye kitufe kimoja: nataka, sitaki, nipe, nisaidie, tena, bado, basi, acha, ngoja, twende, wapi, nani, inauma. Maneno haya yatangulie orodha za matunda na wanyama wa porini. "Tena" inafaa kwenye bembea, kwenye chapati na kwenye wimbo. "Tembo" inatumika mara ngapi Mbagala?

"Sitaki" iwe mahali pa kuonekana, tena iheshimiwe inapowezekana. Mtoto anayeweza kukataa kwa kidole hana haja ya kukataa kwa meno. Weka vilevile majina ya viungo vyote vya mwili, hata vile vya sitara, pamoja na "amenigusa" na "amenipiga". Wazazi wengine wanaona haya. Watoto wasioongea wako kwenye hatari kubwa ya kudhuriwa kwa sababu hawawezi kusimulia, kwa hiyo haya iwekwe kando.

Halafu weka "shikamoo". Haimsaidii mtoto kupata maji, lakini siku babu atakapoisikia kwenye ile simu, vita ya ukoo dhidi ya programu itaisha.

Nimeiweka wiki tatu sasa na haitumii. Anabonyeza ovyo tu, au anaitupa.

Ni wewe uitumie kwanza. Mtoto anayeongea amesikia lugha mwaka mzima kabla ya kusema neno lake la kwanza, tena akiwa mgongoni na mapajani. Huyu wako ameona watu wangapi wakiongea kwa kugusa picha? Hakuna. Kwa hiyo unapomwambia "twende", gusa twende. Unapommiminia uji, gusa uji. Akilia kwa sababu kaka amemnyang'anya mpira, gusa "nipe" kwa niaba yake. Usimwambie arudie, usimshike kidole, usimpe mtihani wa "kuku yuko wapi?" Maneno mawili matatu kwa siku yanatosha mwanzoni, katika saa zilezile kila siku, na chakula ndiyo saa nzuri kuliko zote.

Kubonyeza ovyo usikuzuie. Ndivyo mtoto mchanga anavyobwabwaja. Akibonyeza "ndizi" kwa bahati mbaya, mpe ndizi kana kwamba aliikusudia, na ipo siku ataikusudia.

Usihamehame vitufe. Wengi hupenda kupanga upya bodi kila Jumapili ili ivutie. Mtoto hujifunza mahali ilipo "nataka" kwa mkono wake, nawe ukiihamisha umemwondolea neno. Ukihitaji kuongeza maneno, ongeza kwenye nafasi zilizo wazi.

Na usimzuilie kitu anachokionyesha kwa kidole au kwa macho mpaka abonyeze. Kuonyesha kidole ni kusema. "Naomba tafadhali" nayo isubiri. Adabu ni nzuri kwa mtu ambaye tayari ana la kusema.

Nikimwadhibu, naweza kumnyang'anya simu ya kusemea?

Hapana. Mtoto anayeongea akikosea hazibwi mdomo na gundi.

Hapa ndipo inapofaa kutenganisha vifaa, kama uwezo upo: simu moja ya zamani kwa ajili ya kusemea pekee, na katuni zikae kwenye simu nyingine au runinga. Ukiwa na moja tu, funga programu moja kwenye skrini. Android ina kipengele cha kubandika skrini, na iPhone na iPad zina Guided Access. Mtoto hatatoka kwenda YouTube bila namba ya siri, na namba hiyo isiwe mwaka wake wa kuzaliwa. Ataona unavyoiandika.

Kwa ratiba za siku na mabadiliko, nitumie nini?

Kwa iPad ipo Choiceworks, ambayo inaweka picha za hatua kwa mpangilio na mtoto anazitia alama moja moja. Lakini sioni sababu ya kulipia kitu hapa. Albamu kwenye galari, yenye picha za kuamka, kupiga mswaki, kuoga, kuvaa na kunywa chai, inafanya kazi hiyohiyo. Watoto wengi wanahitaji picha mbili tu kwa wakati mmoja: kwanza viatu, halafu bembea.

Kwa muda, tafuta saa inayoonyesha mduara wa rangi unaopungua. "Dakika tano" haina maana kwa mtoto asiyezihisi dakika, lakini mduara unaoisha anauona. Chagua yenye mlio mpole. Mlio wa kengele ya moto mwishoni utaharibu kazi yote.

Kwa mambo ya kutisha, kama kinyozi, sindano au ndege ya kwanza, tengeneza hadithi fupi ya picha na sauti. Mbinu hii aliianzisha mwalimu wa Marekani, Carol Gray, mwanzoni mwa miaka ya 1990. Nenda kwa kinyozi mwenyewe bila mtoto, piga picha ya kiti, kioo na mashine, rekodi sekunde kumi za mngurumo wake. Nyumbani msikilize kwa sauti ya chini, siku baada ya siku, mkipandisha kidogokidogo. Mwombe kinyozi awahudumie asubuhi kabla redio haijawashwa.

Tengeneza pia picha ya "umeme umekatika". Kwa nini orodha za kigeni hazina picha hiyo, unajua mwenyewe.

Kusoma na kuhesabu je? Kuna za Kiswahili?

Zipo, na historia yake inatuhusu. Shindano la Global Learning XPRIZE lilizipeleka programu tano kufanyiwa majaribio Tanga, katika vijiji 170, kwa watoto wapatao 2,700 ambao wengi hawakuwa wakienda shule. Zote zilifundisha kusoma, kuandika na kuhesabu kwa Kiswahili, kwenye vishikwambi vilivyochajiwa kwa umeme wa jua, bila mwalimu. Mwezi Mei 2019 washindi walikuwa wawili, Kitkit School ya kampuni ya Enuma na onebillion ya London, na wakagawana dola milioni 10. Kwa masharti ya shindano, misimbo ya programu hizo iliachwa huria ili wengine waitumie.

Hazikutengenezwa kwa ajili ya usonji. Hata hivyo, mambo yaliyozifanya zifanye kazi kijijini ndiyo hasa unayoyatafuta: hatua ndogondogo, maelekezo mafupi ya sauti, kurudia bila kuchoka, hakuna matangazo, hakuna haja ya intaneti. Tumia orodha hiyo kama kipimo cha programu nyingine yoyote ya masomo. Kwa Kiingereza, Khan Academy Kids inakidhi sehemu kubwa ya vigezo hivi na ni ya bure. Vipindi vya shirika la Ubongo la Dar es Salaam pia vinasaidia, maana mtoto anasikia Kiswahili cha nyumbani, ingawa video si programu na haimsubiri mtoto ajibu.

Jihadhari na mtoto anayefaulu mno. Wapo wanaokariri mahali pa jibu badala ya jibu. Akimaliza hatua ya kuhesabu hadi kumi, mwambie akuletee vijiko vitatu. Akileta viganja viwili vimejaa vijiko, rudini nyuma.

Naonaje kama mchezo unamfaa kabla sijampa?

Ucheze mwenyewe robo saa, sauti ikiwa juu. Sikiliza kelele za ghafla. Angalia kama unaweza kuzima muziki na kubakiza maelekezo. Kisha kosea makusudi. Michezo mingine hutoa mlio wa kuchekesha ukikosea na nyota ya kawaida ukipatia, na mtoto mwerevu ataamua kukosea mchana kutwa.

Matangazo ni sababu tosha ya kuifuta. Mtoto hajui kwamba ule mpira unaomeremeta si sehemu ya mchezo, na kidole kimoja kinatosha kumpeleka kwenye kamari. Wengine hucheza simu ikiwa katika hali ya ndegeni ili matangazo yasije, na kwa michezo isiyohitaji intaneti inasaidia. Weka nenosiri kwenye manunuzi ya Play Store. Ukinunua kwa makosa, omba urudishiwe haraka, ndani ya saa 48.

Akae kwenye simu kwa muda gani?

Shirika la Afya Duniani lilisema mwaka 2019 kwamba mtoto wa mwaka mmoja asikalishwe mbele ya skrini kabisa, na wa miaka 2 hadi 4 asizidishe saa moja kwa siku. Ushauri huo unahusu kukaa na kutazama. Programu ya kusemea haihesabiwi humo. Hiyo iwe naye tangu anapoamka, shingoni au mkobani, hata chooni.

Kwa katuni na michezo, swali langu lingekuwa simu imechukua nafasi ya nini. Ikichukua nafasi ya dakika ishirini ambazo mama anapika bila mtu wa kumsaidia, sina la kusema. Ikichukua nafasi ya kucheza mchangani na kuzungushwa kwenye bembea, punguza. Na tafadhali usikubali mtu akuambie kwamba simu ndiyo iliyompa mtoto usonji.

Akiondolewa simu anajipiga kichwa. Nimeshindwa.

Anza na mwisho unaoonekana: mduara wa muda, kisha picha ya kinachofuata, na kinachofuata kiwe kitu anachokipenda. Kuondoa simu ili aingie kuoga ni kumwomba apoteze mara mbili. Iondoe ili apate embe, kisha muende kuoga. Chagua michezo yenye mwisho, ya kumaliza fumbo na kufunga, na uache ile inayojiendeleza yenyewe. Zima uchezaji wa mfululizo kwenye YouTube. Akiwa anajiumiza mara kwa mara, hilo limeshapita mambo ya programu. Mwone daktari, na aanze kwa kuangalia maumivu: meno, masikio, tumbo kufunga.

Kuna taarifa za mtoto nisizotakiwa kuweka?

Jina kamili, shule, na ripoti ya hospitali. Programu nyingi hazihitaji hata kimoja. Kabla ya kupakua, shuka hadi sehemu ya usalama wa data kwenye Play Store uone inakusanya nini na inampa nani. Kamusi ya picha inayoomba kujua mahali ulipo ina sababu zake, na si zako. Sheria ya Kenya ya 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi kabla taarifa za mtoto hazijatumiwa, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Lakini sheria haitaifuta video ya mtoto wako akilia ambayo umeirusha mwenyewe kwenye magrupu ya WhatsApp ili upate ushauri.

Kuna mtu anatufundisha kumshika mtoto mkono ili aandike kwenye kishikwambi. Mtoto anaandika sentensi ndefu ajabu!

Anayeandika ni aliyeshika mkono, mara nyingi bila yeye mwenyewe kujua. Jumuiya ya Marekani ya wataalamu wa lugha na usikivu, ASHA, ilitoa msimamo mwaka 2018 kupinga mbinu hiyo pamoja na ile ya kumshikia mtoto ubao wa herufi hewani. Kipimo cha nyumbani ni rahisi: mwonyeshe mtoto kitu wakati msaidizi yuko nje, kisha aingie na umuulize mtoto ameona nini. Lengo la programu nzuri ni mtoto kugusa peke yake, hata kama ni neno moja.

Tunaishi Marekani. Shule imempa kifaa cha Kiingereza na wanatushauri tuache Kiswahili nyumbani.

Msiache. Tafiti za watoto wenye usonji wanaokua na lugha mbili hazijaonyesha kwamba lugha ya pili inawachelewesha. Kinachoonekana wazi ni mama anayezungumza lugha asiyoimudu akipunguza kuongea na mwanawe. Sheria ya elimu maalumu ya Marekani, IDEA, inaitaka timu ya shule ifikirie mahitaji ya vifaa saidizi wakati wa kuandaa IEP, yaani mpango wa elimu wa mtoto binafsi. Kwa hiyo ombeni kwenye kikao hicho, kwa maandishi, kurasa za Kiswahili ziongezwe: chakula cha nyumbani, majina ya ndugu, salamu, swala au kanisa. Mleteeni mwalimu orodha tayari, msimwachie kazi hiyo.

Na kama programu ikifutwa, au simu ikiingia maji?

Hutokea. Mwaka 2012 programu ya kusemea iitwayo Speak for Yourself iliondolewa kwenye duka la Apple kwa sababu ya kesi ya hataza (haki ya kumiliki ubunifu) kati ya watengenezaji wake na kampuni nyingine, na wazazi walikaa wakiogopa kusasisha chochote wasije wakaipoteza. Ilirudi baadaye, lakini wazazi walishaonja hofu.

Tunza nakala ya bodi kwenye barua pepe au kadi ya kumbukumbu. Kisha piga picha skrini za kurasa zote, zichapishe kwa rangi, uzipitishe kwenye plastiki ya kitambulisho pale stesheneri. Bodi hiyo ya karatasi ndiyo itakayokwenda baharini, kwenye mvua na kwenye mgao wa umeme. Kwa familia isiyo na simu janja, ndiyo pa kuanzia, na wala si daraja la pili.

Shule hairuhusu wanafunzi kuja na simu. Tutafanyaje?

Usibishane getini. Omba kikao na mwalimu mkuu pamoja na mwalimu wa darasa, uende na barua ya hospitali au ya kituo cha tathmini inayosema kwamba kifaa hiki ni cha mawasiliano, kama ilivyo miwani au shimesikio kwa wengine. Ionyeshe simu yenyewe: haina laini, imefungwa kwenye programu moja, haipigi picha. Mara nyingi kinachowatia walimu wasiwasi ni kamera na wizi kuliko sera yenyewe. Pendekeza ikabidhiwe kwa mwalimu asubuhi na kurudishwa kwake jioni, lakini ndani ya darasa ikae mezani kwa mtoto. Kwa Tanzania, uliza pia kama mwalimu ana kishikwambi, kwani vile vya sensa ya 2022 viligawiwa walimu, na programu ya bure inaweza kukaa humo. Wakikataa kabisa, peleka bodi ya karatasi kesho yake asubuhi huku ukiendelea kuandika barua kwa ofisa elimu maalumu wa wilaya. Na mwombe mwalimu awaonyeshe wanafunzi wenzake jinsi ya kuitumia. Watoto wa darasa la kwanza hujifunza bodi kwa siku mbili, na hao ndio atakaocheza nao.